Barua za Wasomaji: Semina ya siku moja hailei kijana

Barua tatu tulizozichagua mwezi huu zinazunguka jambo moja, nalo ni namna mtaa unavyoweza kuwashika mkono vijana wake kwa kuwaelimisha wazazi na kuwatafutia vijana hao watu wazima wa kuwanasihi. Majina ya walioandika tumeyahifadhi.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwenyekiti wa serikali ya mtaa katika Wilaya ya Temeke, Dar es Salaam. Vijana wetu wa miaka 13 hadi 17 wanaacha shule, wanashinda kijiweni na baadhi wameanza kuvuta bangi. Kamati yetu imepanga mambo matatu: kuwaita wazazi wote kwenye semina ya siku moja, kuwakusanya vijana ishirini walioshindikana wawe kundi moja chini ya mgambo mstaafu, na kuomba kibali cha kuwapeleka gerezani wakajionee mwisho wa njia wanayoifuata. Fedha tulizochanga ni kidogo. Tuanze na lipi?

JIBU: Ndugu Mwenyekiti, mtaa unaojichangisha kwa ajili ya watoto wake unastahili pongezi, na kwa sababu hiyohiyo nisingependa senti yenu ipotee. La tatu mliache, la pili mlibadilishe, na la kwanza mlirefushe.

Kumtisha kijana kwa gereza ni wazo la zamani. Mwaka 1976 wafungwa wa kifungo cha maisha katika gereza la Rahway, jimbo la New Jersey nchini Marekani, walianza kuwapokea vijana watukutu, wakawafokea na kuwasimulia unyama wa mle ndani. Mpango huo ulisifiwa sana na majimbo mengine yakauiga. Baadaye watafiti walikusanya majaribio tisa ya aina hiyo, ambamo vijana walipelekwa gerezani au kubakizwa nyumbani kwa kura, wakakuta kwamba waliopelekwa ndio waliovunja sheria zaidi. Mimi sishangai. Kijana wa miaka 15 aliyekwisha kuzoea kufokewa nyumbani, shuleni na barabarani, anapomwona mfungwa aliyetuna misuli akiogopwa na kila mtu chumbani, anaweza akatamani kuwa yeye.

Kuwakusanya “walioshindikana” mahali pamoja kuna hatari ya namna hiyo pia. Katika utafiti wa jimbo la Oregon uliochapishwa mwaka 1995, vijana wa miaka 11 hadi 14 waliokuwa wakielekea kubaya waligawanywa. Wengine waliwekwa katika vikundi vya wao kwa wao, na kwa wengine wakafundishwa wazazi wao. Mafunzo ya wazazi yalipunguza ugomvi nyumbani, lakini vijana waliokusanywa pamoja walizidisha uvutaji wa sigara na utundu shuleni, kwa kuwa kila aliyesimulia uhuni alikuwa amepata watu wa kumchekea. Mgambo wenu mstaafu huenda ni mtu mwema sana. Mpeni timu ya mpira yenye vijana kumi na sita, ambamo wa kijiweni ni watatu au wanne tu na waliobaki ni wanafunzi, wanakwaya na watoto wa madrasa, naye aifundishe mwaka mzima.

Sasa wazazi. Semina ya siku moja ina mgeni rasmi, ina turubai na soda, na jioni kila mzazi hurudi nyumbani na maneno mazuri asiyojua ayaanzie wapi mtoto atakapogonga mlango saa tano usiku. Malezi ni mazoea, na mazoea hubadilika kwa kujaribu, kukosea, kurudi kwa wenzako kueleza ulivyokosea, kisha kujaribu tena. Mfano ninaoupenda unatoka jimbo la Eastern Cape nchini Afrika Kusini, ambako familia 552 zenye vijana wa miaka 10 hadi 18, katika vijiji na vitongoji 40, zilishiriki katika jaribio la mpango ulioitwa Sinovuyo Teen. Sinovuyo ni neno la Kixhosa lenye maana ya “tuna furaha”. Katika maeneo yaliyopangiwa mpango huo, mzazi na kijana wake walihudhuria kwa wiki 14, wakiongozwa na watu wa palepale waliofunzwa kazi hiyo. Walikula pamoja, na aliyekosa kikao alifuatwa nyumbani. Miezi kadhaa baadaye vipigo na matusi vilikuwa vimepungua, msongo wa wazazi ulikuwa umeshuka, ulevi ulikuwa umepungua kwa wakubwa na kwa vijana, na kaya zilikuwa zinasimamia fedha zao vizuri zaidi. Tabia sumbufu za vijana wenyewe, hata hivyo, hazikuonekana kupungua katika kipindi hicho, na jambo hili nakuomba uwaambie wajumbe wako mapema, wasije wakatarajia kijiwe kiwe kitupu ifikapo Krismasi.

Mpango huo uliletwa kwetu kwa jina la Furaha, na kati ya mwaka 2020 na 2021 ulifikia makumi ya maelfu ya wazazi na vijana katika wilaya nane za Tanzania. Kwa hiyo hamhitaji kubuni kitu kipya. Mwoneni afisa ustawi wa jamii au afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu, mkiambatana na Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto, ambayo kila mtaa na kijiji kilitakiwa kuwa nayo tangu MTAKUWWA, yaani mpango kazi wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ilipoanza mwaka 2017/18, hata kama kwenu imebaki kwenye karatasi. Anzeni na kaya kumi au kumi na tano zilizo tayari, si mtaa mzima. Kutaneni siku ileile kila wiki, saa ambayo mama lishe amekwisha kufunga na bodaboda hawajaanza kuwania abiria wa jioni.

Kinachofanyika vikaoni huonekana kidogo, nanyi msikidharau. Wiki ya kwanza mzazi hutumwa nyumbani kukaa na kijana wake dakika chache kila siku, wakifanya kitu alichokichagua kijana, bila kuhojiwa kuhusu daftari. Wiki nyingine hujifunza kusifu kwa kutaja jambo lenyewe: “Umerudi kabla ya magharibi kama tulivyokubaliana, nimefurahi.” Wapo wazazi ambao sentensi hiyo huwashinda kutamka, hasa kina baba, na ndiyo sababu huigizwa kwanza kikundini kwa kucheka. Hufuata namna ya kutulia kabla hasira haijapanda, namna ya kuweka sheria za nyumba pamoja, na namna ya kupanga matumizi. Hili la mwisho lina maana kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu kijana akijua kwamba mama amebakiwa na shilingi elfu nne hadi Ijumaa, naye akaulizwa zitumikeje, huacha kudhani kwamba ananyimwa kwa roho mbaya.

Na fedha zenu? Msizimalizie kwenye posho za kukaa. Nunueni unga, maharage na mkaa, pikeni.

SWALI: Ndugu Mshauri, ni dereva wa daladala hapa Mwanza, baba wa watoto wanne. Nimeitwa kwenye kikundi cha malezi, nikakuta kina mama watupu. Mimi nililelewa kwa fimbo na nimekuwa mtu. Je, kuna haja ya kupoteza siku yangu ya mapumziko?

JIBU: Bwana, kwamba umekuwa mtu sina shaka, lakini hatuwezi kujua kama ni kwa ajili ya fimbo au pamoja na fimbo. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepigwa ngumi, mateke, mijeledi au kutishwa kwa silaha kabla ya kufikisha miaka 18. Kama kupigwa kungekuwa kunatengeneza tabia, wewe usingekuwa na simulizi za wapiga debe unazozijua kuliko mimi.

Kuhusu kukuta kina mama watupu, kosa si la kina mama. Vikundi vingi hukutana asubuhi za katikati ya wiki, wakati wewe uko barabarani. Waombe viongozi wahamishie Jumapili alasiri, na uwe wa kwanza kumleta dereva mwenzako, maana baba mmoja kati ya kina mama kumi na wawili hudumu wiki mbili, lakini wawili huanza kubishana kuhusu Simba na Yanga na kumbe wamekwisha kuzoea kikao. Nenda mara nne kabla ya kuamua.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Iringa na kwa miezi mitano nimekuwa nikimnasihi binti wa miaka 14 kupitia mpango wa wazazi wa kata yetu. Tunaonana kila Jumamosi. Sasa nimepata uhamisho kwenda Katavi mwezi ujao na sijui nimwambieje. Pia wiki iliyopita alinieleza kwamba mjomba wake huingia chumbani mwake usiku, akaniapiza nisimwambie mtu.

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Umeliweka mwisho lililotakiwa kuwa la kwanza, na naelewa kwa nini.

Siri hiyo hamuwezi kuitunza wawili. Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aziripoti kwa mamlaka ya serikali za mitaa, na wewe sasa unazo. Leo hii zungumza na afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Ukishindwa kuwapata, piga 116, simu ya bure kwa ajili ya watoto. Binti mwambie kabla hujaenda, kwa maneno ya wazi, kwamba unamwamini, kwamba hana kosa, na kwamba utawaeleza watu wachache ambao kazi yao ni kumlinda. Usimhoji zaidi, kwa kuwa atahojiwa na wenye ujuzi huo, na usimkabili mjomba. Ikiwa ameingiliwa karibuni, afikishwe hospitali haraka, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hutolewa ndani ya saa 72. Hospitali zenye Kituo cha Mkono kwa Mkono zina daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja.

Kuhusu uhamisho, wasiwasi wako una msingi. Utafiti uliofanyika Marekani kwa vijana 959 wa miaka 10 hadi 16, na kuchapishwa mwaka 1995, ulionyesha kwamba waliopewa mtu mzima wa kuonana naye mara kwa mara walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuanza dawa za kulevya kuliko wenzao waliokuwa bado wanasubiri. Data hizo zilipochambuliwa upya mwaka 2002, ilionekana kwamba faida kubwa iliwafikia waliodumu mwaka mmoja au zaidi, na wale ambao uhusiano wao ulikatika ndani ya miezi mitatu walirudi nyuma katika kujithamini. Watu wa pwani walilijua hili bila takwimu: somo wa binti, yaani mwanamke aliyemfunda, hakuishia siku ya kutolewa ndani, alibaki kuwa somo wake hata baada ya ndoa na uzazi. Si kila kilichofundishwa unyagoni ningependa kirudi, lakini kudumu kule ningependa kurudi.

Mwambie mapema, wiki hii, usingoje Jumamosi ya mwisho. Mtoto aliyekwisha kuachwa na watu wazima huhesabu ukimya kuwa kuachwa kwingine. Mweleze kwamba uhamisho umetoka kwa mwajiri na haukutokana na aliyokuambia, kwa kuwa hilo ndilo atakalolidhani kwanza. Mchagueni pamoja mwanamke mwingine wa palepale, na Jumamosi tatu zilizobaki mkutane watatu. Ahidi simu chache utakazoweza kuzitimiza, tuseme Jumapili ya kwanza ya kila mwezi saa kumi jioni, na kabla ya kupanda basi la Mpanda hakikisha namba yako, ya atakayekurithi na ile 116 zimeandikwa kwa mkono wake mwenyewe nyuma ya daftari lake.