Sauti ya Gari Ikikatikakatika, Anza na Swali la "Lini"

Kwa miezi mitatu redio ya gari langu ilininyima raha. Ilipiga vizuri dakika ishirini hivi, kisha spika zote nne zikanyamaza kwa pamoja. Kioo cha redio kiliendelea kuwaka na sekunde za wimbo zilisonga kama kawaida, ila sauti haipo. Nikizima na kuwasha, inarudi. Fundi wa kwanza alisema redio imekwisha, nikanunua nyingine. Wa pili akazilaumu spika za mbele, nazo nikazibadilisha. Ugonjwa ukabaki ule ule, na mwishowe ikaonekana chanzo ni waya mmoja mwembamba ndani ya mlango wa dereva.

Hitilafu inayokuja na kuondoka ina tabia moja: ukifika kwa fundi, haipo. Hapo ndipo watu wanaanza kubahatisha, na kila bahatisho lina gharama. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usinunue kitu chochote mpaka uweze kuifanya sauti ikatike kwa makusudi. Ukishaweza kuizima na kuirudisha kwa mkono wako, kazi kubwa imekwisha.

Weka daftari garini. Kila sauti inapokatika, andika ilikatika lini: kwenye tuta, kwenye kona, baada ya kufunga mlango, gari likiwa limepata joto, ulipoongeza sauti, au mvua ilipokuwa imenyesha. Andika pia ulikuwa unasikiliza nini. Ikiwa inakatika ukipiga kutoka kwenye simu tu, na kwenye flashi inapiga bila tatizo, usiguse waya wa spika hata mmoja. Shida iko kwenye simu au kwenye jinsi inavyoungana na redio. Stesheni zikififia chini ya daraja au katikati ya majengo marefu, hayo ni mawimbi na antena. Lakini ikikatika kwenye matuta, bila kujali unasikiliza nini, kuna kitu kimelegea mahali.

Kisha tafuta ni spika ipi. Tumia ile mipangilio ya redio ya kusogeza sauti kushoto na kulia, mbele na nyuma, usikilize kona moja baada ya nyingine. Spika moja ikiwa ndiyo inayokatika, badilishana waya zake na za spika nyingine nyuma ya redio. Tatizo likihamia kwenye spika ya pili, ubaya uko kwenye redio. Likibaki pale pale, ni waya au spika yenyewe.

Mimi spika zote zilikuwa zinanyamaza pamoja, na hapo ndipo tulipopotea wote. Tuliamini kwamba zikizimika zote, kosa lazima liwe kwenye kitu zinachokitumia pamoja, yaani umeme au redio. Sivyo. Katika redio nyingi za siku hizi, waya zote mbili za spika, chanya na hasi, zinasukumwa na ampu (kikuza sauti) iliyo ndani ya redio. Ule wa hasi si waya wa bodi, yaani haufungwi kwenye bati la gari. Mmojawapo ukigusa bati la gari, ampu hiyo inajifunga yenyewe ili isiungue, na inazifunga chaneli zote. Waya mmoja uliochubuka unanyamazisha gari zima.

Niliugundua kwa kuondoa spika moja moja nyuma ya redio. Nilipouchomoa waya wa spika ya mlango wa dereva niliendesha siku mbili, sauti haikukatika hata mara moja. Nilipourudisha, ilikatika siku hiyo hiyo. Nikaketi garini redio ikipiga, nikaufungua mlango polepole huku nikiupinda ule mpira unaopitisha waya kati ya mlango na nguzo ya gari. Kimya! Niliurudia mchezo huo mara tano, na mara zote tano ilinyamaza. Ndani ya mpira, ganda la waya lilikuwa limelika na shaba inagusa ukingo wa tundu. Waya hapo hupindwa kila mlango unapofunguliwa, kwa miaka mingi, kwa hiyo mimi sasa huanza kukagua hapo kabla ya mahali pengine popote.

Ukiutengeneza waya kama huo, tafadhali usiridhike na kusokota na kuzungushia tepu. Ulehemu kwa risasi, uvishe mpira unaosinyaa kwa joto, na kiungo kikae nje ya sehemu inayopinda. Acha waya uwe na ulegevu kidogo.

Kama una ampu ya pembeni, iliyo nje ya redio, anza na waya wake wa hasi, ule unaofungwa kwenye bodi. Rangi au kutu chini ya skrubu inatosha kuharibu kila kitu. Weka mita ya volti kati ya hasi ya ampu na hasi ya betri wakati muziki unapiga kwa nguvu: usomaji uwe karibu na sifuri. Ukiona nusu volti au zaidi, fungua, piga msasa mpaka bati ling'ae, kaza upya. Pima na betri: yenye chaji kamili husoma kama volti 12.6 injini ikiwa imezimwa, na injini ikiwaka magari mengi husoma kati ya 13.8 na 14.4. Ampu ikizimika ikiwa ya moto sana, angalia kama inapata hewa, na kama umeifungia spika nyingi kuliko inavyoruhusu. Spika mbili za omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zikiungwa sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, ni omu 2, na si kila ampu inavumilia.

Spika inayoshukiwa ichomoe, uguse ncha zake kwa betri ndogo ya volti 1.5. Yenye uhai hutoa mgoto mfupi. Ikigota mara nyingine na nyingine isigote, huenda nyuzi zinazoingia kwenye koni ya spika zimekatika.

Kabla ya kuchomoa waya, toa hasi ya betri, na uwe na namba ya siri ya redio kama gari lako huidai. Soketi za manjano usiziguse kabisa, maana mara nyingi ni za mifuko ya hewa.

Ukienda kwa fundi, nenda na daftari lako. Mwonyeshe jinsi ya kuifanya sauti ikatike, kisha umwombe akuonyeshe palipoharibika kabla hajapafunika.