"Akaunti yetu imebadilika, lipia hii mpya"

Wiki hii nimechukua barua tatu, zote za utapeli wa mtandaoni, na ya kwanza imeniuma kwa hiyo nimeipa nafasi kubwa kuliko zingine.

Anti shikamoo. Mi nauza taa na swichi Kariakoo, mzigo natoa Guangzhou kwa saplaya mmoja, huu mwaka wa nne niko naye. Mwezi uliopita nilishalipa asilimia 30, dola 3,600, mzigo ukaisha wakanitumia picha, alafu ikaja imeili kwamba akaunti yao iko kwenye ukaguzi wa kodi, salio la dola 8,400 nilipie akaunti nyingine. Nikalipa. Siku ya sita saplaya ananiuliza WeChat mbona kimya, hela vipi. Imeili ilitoka kwao kabisa, tunajibizana pale pale tulipokuwa tunajibizana siku zote, hadi utani wetu ulikuwepo. Mke wangu sijamwambia. Nimeingizwa mkenge wapi? – Msomaji, Kariakoo

Marahaba mwanangu, na pole sana. Kabla sijakujibu hilo, kama hujarudi benki rudi leo hii, usisubiri kumaliza kusoma. Waambie malipo yale ni ya utapeli, wapeleke ombi la kuyarudisha kwenye benki iliyopokea, wakupe na nakala ya TT, yaani ile hati ya kutuma hela nje, ukitoka hapo nenda polisi ukafungue jalada ukiwa na imeili zote umeziprinti. Sikuahidi kwamba hela itarudi, siku sita ni nyingi maana hawa wakipokea wanahamisha fasta, ila wapo waliowahi kukuta kiasi bado kimekaa na benki ikakizuia.

Sasa mkenge uko wapi. Unakumbuka ulinitumia zile imeili mbili, ya zamani na ya siku ile? Nimekaa nazo mezani jioni nzima. Jina la kampuni ya saplaya wako lina herufi m katikati. Kwenye imeili ya akaunti mpya ile m siyo m, ni r na n zimebanana, na mi mwenyewe sikuiona mpaka nilipokuza maandishi neno likajaa skrini yote ndo nikaona kamwanya kale kadogo. Na wewe unasoma kwenye simu, dukani, mteja anakuuliza bei ya balbu, na simu nyingi zinakuonyesha jina tu la aliyetuma, anwani yenyewe mpaka ubonyeze lile jina. Ungeionea wapi? Kitu kingine kipo kwenye ile ankara, jina la mwenye akaunti siyo la kiwanda, na benki yenyewe haiko China kabisa.

Ule utani na zile tarehe alivijuaje, hapo ndo watu wengi hawajui. Mwizi alishaingia kwenye sanduku la barua la mmoja wenu, lako au la saplaya, siku nyingi tu. Inawezekana mmoja wenu aliletewa linki ya "sanduku lako limejaa, ingia hapa uthibitishe" akaandika neno la siri pale. Akishaingia haibi kitu, anasoma. Anajua asilimia 30 imeshaenda, anajua mzigo unaisha lini, anajua mnataniana vipi, na anasubiri wiki hata tatu mpaka siku ya kulipa salio, ndo anaingia na sauti ya saplaya wako.

Kwa hiyo atakayekuambia ni tamaa yako imekuponza usimsikilize, hapa hapakuwa na tamaa yoyote, ulikuwa unalipa deni lako. Facebook na Google zilipigwa kwa mtindo huu huu kati ya mwaka 2013 na 2015, raia wa Lithuania anaitwa Evaldas Rimasauskas alisajili kampuni Latvia yenye jina moja na Quanta Computer ya Taiwan, ambayo kweli ilikuwa inawauzia vifaa, akawatumia ankara na imeili za uongo wakamlipa zaidi ya dola milioni 100. Alihukumiwa New York Desemba 2019, miaka mitano. Kampuni zile zina wahasibu wa kila aina, we uko peke yako na simu yako kaunta.

Mkeo mwambie leo. Na siyo yeye tu, waambie na wenzako wanaotoa mzigo kwa saplaya yule yule, kwa sababu kama sanduku lililoingiwa ni la saplaya basi mwizi anasoma barua za wateja wote, na kuna mwenzako mtaa wa pili salio lake linaiva wiki ijayo. Ukinyamaza kwa aibu naye analizwa.

Badilisha neno la siri la imeili ukitumia kifaa kingine, toa vifaa vyote vilivyoingia, washa uthibitisho wa hatua mbili. Alafu fungua mipangilio uangalie sehemu ya kuelekeza barua na vichujio, wengi wanaisahau hii, mwizi anaweza kuacha amri humo kwamba kila barua yenye neno "invoice" iende kwake nakala, hata ubadilishe neno la siri mara kumi barua zinaendelea kumfikia. Mwambie na saplaya afanye hivyo hivyo. Na siku yoyote akaunti ikibadilika mpigie video WeChat, ile ile mliyounganishwa toka mwanzo, usipige namba iliyoandikwa kwenye ankara mpya maana na yenyewe inakuwa imebadilishwa, akusomee namba ya akaunti kwa mdomo wake ukimuona.

Habari anti, nimepata imeili ya kazi ya hoteli Kanada, mshahara mzuri, visa wanashughulikia wao, ila wanataka laki moja na nusu ya kibali kwa mtandao wa simu ndani ya siku mbili. Sikumbuki kuomba hiyo kazi. Mama anataka kuuza mbuzi. – Msomaji, Singida

Mama asiuze mbuzi, tafadhali. Kwa utaratibu wa Kanada mwajiri anayemtaka mfanyakazi wa nje kwa kibali cha kawaida analipa mwenyewe serikalini dola 1,000 za Kanada kwa kila nafasi, na haruhusiwi kumdai mfanyakazi hela hiyo. Sasa hoteli ya Kanada inayotaka laki na nusu kwa namba ya simu ya hapa hapa Tanzania, iliyosajiliwa kwa jina la mtu, ni hoteli gani hiyo? Na zile siku mbili amekupa ili usipate muda wa kuuliza mtu. Kaulize ofisi za TaESA, wale wa serikali wa huduma za ajira, kabla hujatoa hata mia. Ile namba waliyokupa iripoti kwa meseji kwenda 15040.

Najua unatafuta kazi muda mrefu mdogo wangu, na ndo maana mtego huu umekuja kwako. Usione haya kwa kutaka kuamini.

Anti, mama yangu kapigiwa simu na mtu anajiita wa kikundi chao cha kuweka na kukopa, akamwomba namba sita zilizoingia kwenye meseji, mama akamtajia. Sasa WhatsApp yake inakopa hela kwa watu. – Msomaji, Tanga

Chukua simu ya mama sasa hivi, sajili WhatsApp upya kwa namba yake ile ile, namba sita mpya zitaingia kwake na mwizi anatolewa. Ikidai PIN ambayo mama haijui maana yake mwizi ameweka yake, hapo mtasubiri siku 7, lakini hata yeye anakuwa ameshatolewa. Mkiingia wekeni PIN ya mama mwenyewe. Ila kabla ya yote hayo mpigie mweka hazina wa kikundi, kwa sauti siyo meseji, awatangazie wanachama wasitume kitu, maana wale akina mama wakisikia mwenzao ana shida huwa hawaulizi mara mbili.