Usiwashe hiyo gari, mkuu

Mkuu, nimesoma ulivyoandika hapo juu, "nafunga nozeli za 750 Jumamosi, halafu naiendesha taratibu hadi kwa mtu wa kutyuni wiki ijayo", nikashika kichwa. Hiyo "taratibu" ndiyo iliyokula injini yangu.

Nilitoka nozeli za 440 kama wewe (vile vibomba vinavyopuliza petroli kwenye injini, cc 440 kwa dakika), turbo, silinda nne. Aliyeniuzia hizo 750 akaniapia: "Funga tu, kontrol boksi itajirekebisha yenyewe." Itajirekebisha! Boksi, hiyo kompyuta ya injini, halijui kama umebadilisha kitu. Linachojua ni muda: fungua nozeli milisekunde kadhaa, funga. Kwa muda uleule 750 inamwaga asilimia 70 zaidi. Oksijeni sensa, inayonusa moshi kwenye ekzosi, italiambia lipunguze, sawa, lakini magari mengi yana kikomo, kama asilimia 25 hivi. Na asubuhi injini ikiwa ya baridi, boksi haliisikilizi sensa kabisa, tena linaongeza mafuta kwa makusudi.

Nikaendesha siku nne. Moshi mweusi nyuma, nikasema hizo ndizo nguvu zenyewe. Siku ya tatu nachomoa stiki ya kupimia oili, oili imepanda. Mkuu, nilifurahi! Nikawatambia washkaji kwamba gari yangu haili oili, inazalisha. Kumbe petroli. Ile isiyoungua ilikuwa inaosha kuta za silinda na kuteremka kwenye ringi za pistoni hadi sampu, bakuli la oili chini ya injini, oili ikawa nyepesi kama maji. Ningenusa stiki tu ningejua, ila nani ananusa stiki akiwa na mzuka wa nozeli mpya? Siku ya nne ikaanza kugonga chini. Beringi za konrodi kwisha, ringi kwisha, kuta zina mikwaruzo, silinda ya tatu kompresheni nusu ya wenzake. Injini nzima imeshushwa kwa sababu ya vitu vinne vinavyoenea kiganjani.

Nilipomrudia muuzaji akanijibu, "uliiendesha vibaya." Kweli kabisa, niliiendesha kwa ushauri wake!

Kwa hiyo nakuomba shika hili moja: nozeli haiingii kwenye injini kabla data yake haijaingia kwenye boksi, na kuiingiza ndiyo kazi ya mtu wa kutyuni. Na data siyo cc peke yake. Cc hizo zilipimwa kwa presha gani? 750 ya bar 4 ni kama 650 tu kwa bar 3. Halafu kuna muda ambao nozeli inachelewa kufunguka, na unatakiwa jedwali la muda huo kwa kila volti, maana umeme ukishuka inachelewa zaidi. Ukikosea hapo, injini haitatulia ukiondoa mguu kwenye pedali. Muuzaji asiye na jedwali hilo anakuuzia vyuma chakavu vyenye rangi nzuri. Wangu nilipomuuliza jedwali alidhani naomba risiti.

Gari ivutwe kwa bredauni hadi kwa mtu wa kutyuni, zifungwe hapohapo, waidibendi, sensa ya kupima mchanganyiko wa hewa na petroli, ikiwa tayari kwenye ekzosi. Bredauni ni aibu, najua. Mimi niliipanda hatimaye, injini ikiwa maiti.

Ohm, yaani ukinzani wa umeme wa nozeli, pima mwenyewe kwa mita: za zamani zikisoma 12 hadi 16 na mpya 2 au 3, usichomeke, utaunguza boksi. Uliuliza na habari za pampu sijui nini, nimesahau, na nikipanda juu kusoma tena nitakasirika upya.

Au umeshazifunga? Kama umeshazifunga, nenda kanuse stiki.