Chumba, bukari na jembe: majibu kwa wanaotaka kujitolea shambani

Mvua inakaribia, na barua mnazonitumia zimekuwa za aina moja: vijana wa hapa Lubumbashi wanaotaka kwenda kukaa kwenye shamba la mtu, wafanye kazi bila mshahara, wapewe pa kulala na chakula, yaani bukari, ule ugali wetu. Jambo hili nimelipitia kwa mikono yangu. Nilikaa hivyo miezi minne kwenye njia ya Kasenga nilipokuwa na miaka 22, na leo mimi na mume wangu tunapokea vijana wawili kila msimu kwenye shamba letu upande wa Kipushi. Nimejibu sita.

*Jambo Yaya, dada yangu mkubwa. Nimemaliza agronomia UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, ninakaa komini ya Kenya hapa mjini. Mwenye shamba mmoja ananiita kwake kwa miezi mitatu. Atanipa chumba na chakula, pesa hakuna. Rafiki zangu wanasema huo ni utumwa. Ni kweli? Na nikubali saa ngapi kwa siku?*

Mdogo wangu, rafiki zako wana sababu ya kuogopa. Wazee wetu bado wanaikumbuka salongo ya wakati wa Mobutu, watu wakitolewa nyumbani kwenda kulima na kufagia bila kuulizwa. Lakini wewe umeulizwa, na unaweza kukataa. Kinachobaki ni kuhesabu.

Mabadilishano haya yana utaratibu unaojulikana. Mwaka 1971 katibu mmoja wa ofisini huko London, Sue Coppard, alichoka na mji na hakuwa na shamba la kukimbilia. Akapanga mwisho wa juma mmoja wa majaribio kwenye shamba la Emerson College, Sussex: kazi, na kwa kazi hiyo chakula na kitanda. Hapo ndipo ilipoanzia WWOOF, mtandao wa mashamba yanayolima bila kemikali, ambao sasa umeenea nchi nyingi. Kwenye mtandao huo na mingine ya namna hiyo, mazoea ni saa nne mpaka sita kwa siku, siku tano kwa wiki.

Sasa piga hesabu yako. Saa tano mara siku tano ni saa 25. Sheria ya kazi ya Kongo inaweka mwisho wa saa 45 kwa wiki, na 9 kwa siku, kwa mtu anayelipwa. Mwenye shamba anayekutaka saa 45 bila kukulipa anatafuta mfanyakazi wa bure, hata kama anakuita mwanangu na anakupenda kweli.

Halafu dai ufundishwe. Wewe umetoka chuoni, na shamba lina mambo ambayo chuo hakikukupa. Kwenye njia ya Kasenga mzee mmoja alinionyesha namna ya kujua kama mahindi yamekauka vya kutosha kuingia ghalani. Unaweka punje kati ya meno ya mbele, unauma. Ikibonyea, rudisha juani. Ikipasuka na kulia, weka kwenye gunia. Darasani tuliambiwa unyevu usizidi asilimia 13, na mashine ya kuupima tuliiona mara moja, nyuma ya kioo cha kabati. Ile punje nimeiuma kila msimu tangu siku ile.

La mwisho kwako, andikeni. Karatasi moja inatosha: saa za kazi, siku ya kupumzika, kula mara ngapi, nani analipa dawa ukiugua, nani analipa nauli, na tarehe ya kumaliza. Mimi sikuandika. Nikashikwa na malaria wiki ya saba, nikaambiwa dawa ni shauri langu. Nililala siku tatu natetemeka nikisubiri kaka yangu alete pesa kutoka mjini. Leo karatasi ya vijana wetu imetundikwa msumarini nyuma ya mlango wa jiko, imejaa alama za vidole vya unga, na mstari wa dawa ndio wa kwanza.

*Mama, mimi ni mama wa komini ya Katuba, hapa Lubumbashi. Binti yangu ana miaka 19, anataka kwenda kwenye shamba la watu tusiowajua, mbali na barabara. Baba yake amekataa. Mimi nimebaki katikati.*

Mama mwenzangu, usibaki katikati, panda gari uende ukaone. Nenda naye siku ya kawaida ya kazi, msiwape taarifa siku nyingi mbele. Omba uonyeshwe chumba. Utazame mlango: una kufuli, na ufunguo anakaa nao nani? Binti yako ndiye akae nao. Utazame choo na mahali pa kuogea, na njia ya kufika huko usiku. Uliza nani mwingine analala pale, na uongee na mama wa nyumba peke yake, jikoni, mkiwa mmekaa karibu na mbabula, jiko la makaa. Mwanamke akiwa jikoni kwake husema mambo ambayo sebuleni angeyameza. Kama hakuna mwanamke anayekaa pale, mimi nisingemwacha binti yangu.

Jaribu simu ukiwa palepale, maana mashamba mengi mtandao unashika sehemu moja tu, chini ya mti fulani au juu ya kichuguu. Mkubaliane siku za kupigiana. Na umwachie pesa ya kurudi mjini, aishone ndani ya nguo, pesa ambayo hata sabuni haitanunua. Baba yake akisikia umeyaona hayo yote kwa macho yako, mtazungumza vizuri zaidi. Akiendelea kukataa, msikilizeni sababu zake. Pengine anajua kitu kuhusu njia ile.

Na wenye mabinti wadogo walioniuliza hilohilo: chini ya miaka 18, jibu langu ni hapana.

*Jambo mama. Nina hekta nne kwenye njia ya Likasi, watoto wangu wote wako Kinshasa na Afrika Kusini. Nataka kupokea vijana wawili. Lakini unga ni ghali. Nitawalisha nini, na itanifaa kweli?*

Baba, nimefurahi umeanza na chakula, kwa sababu humo ndimo mapatano haya yanamovunjikia. Kijana hatakuambia ana njaa. Ataanza kuchelewa kuamka, jembe litapungua kina, wewe utasema ni mvivu.

Kwetu vijana wawili wanaoshika jembe wanamaliza gunia la kilo 25 kwa siku 25 hivi, yaani nusu kilo ya unga kwa mtu kwa siku. Ulitie kwenye hesabu yako kabla hujawaita. Sote tunaishi kwa mahindi yanayovuka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na mwaka 2024, Zambia ilipotangaza ukame kuwa janga la taifa, kila nyumba ya Katanga iliusikia kwenye sufuria. Kwa hiyo tenga magunia ya mavuno yako mwenyewe kwa ajili ya wageni wako, usiyauze yote mwezi wa tano halafu ununue mwezi wa kwanza.

Mboga ni rahisi ukiwa na shamba. Sombe, majani ya muhogo, unayo, lengalenga, ule mchicha, inaota yenyewe, maharagwe panda mstari mmoja kwa ajili ya sufuria tu. Ongeza ndakala au bitoyo, samaki wa kukaushwa, mara kadhaa kwa wiki. Uyoga na vinkubala, viwavi vya kula, vikianza kutoka kwenye msitu, waache waende kuokota. Asubuhi hiyo utaipoteza, lakini watakupenda. Asubuhi kabla ya kazi wape uji, mzito, wenye karanga. Mtu asiende kupalilia kwa chai tupu.

Jambo moja nakuomba sana: kuleni sufuria moja. Nimewahi kuona nyumba ambako mwenye shamba alikula samaki mzima, wanaojitolea wakapewa mchuzi wake. Vijana wale waliondoka usiku bila kuaga. Mchuzi ule waliuelewa vizuri kabisa.

Chumba kiwe na kitanda kilichoinuka, neti isiyotoboka, mlango unaofungwa, ndoo ya maji yao wenyewe. Kama itakufaa? Mikono miwili ya saa tano kwa siku haiwezi kulima hekta nne, usijidanganye. Kulima na kuvuna bado utatafuta vibarua na uwalipe. Vijana watakusaidia kitalu, palizi, kuku, kumwagilia, kuandika daftari la mauzo. Na nyumba itakuwa na sauti tena. Barua yako imesema habari za watoto walio mbali kabla ya kusema habari za unga, nimeliona hilo.

Ukitaka kupokea wageni kutoka nchi nyingine, nenda kwanza ofisi ya DGM, idara ya uhamiaji, uulize viza ya namna gani inahitajika. Usimwambie mtu aje kama mtalii tu.

*Yaya, niende mwezi gani?*

Ukitaka kujifunza mahindi, uwe umefika mwanzoni mwa mwezi wa 11. Tunapanda kuanzia katikati ya mwezi huo mpaka katikati ya mwezi wa 12, palizi ya kwanza inafuata wiki tatu hivi baadaye, na wakati huohuo unaanza kufungua majani kutafuta kiwavijeshi, yule mdudu aliyeingia Afrika mwaka 2016 na hajaondoka. Malaria nayo iko juu. Mavuno ni mwezi wa 4 na wa 5. Ukipenda mboga, njoo kiangazi, kwenye mabonde yenye maji, lakini beba blanketi zito: usiku wa mwezi wa 6 na wa 7 huku nje ya mji ni baridi kuliko unavyofikiri.

*Mama, mtu amenitumia ujumbe WhatsApp kwamba kuna shamba Kanada linapokea watu wa kujitolea, chumba na chakula bure, nitume dola 150 kwa simu ili waniandikie viza. Nitume?*

Usitume, mwanangu. Mitandao ya kweli ina ada ya uanachama inayolipwa kwenye tovuti yao, haitumwi kwenye namba ya simu ya mtu. Na hakuna mwenye shamba anayeandika viza, viza hutoka kwa serikali ya nchi ile. Ujue pia kwamba nchi nyingi huhesabu chumba na chakula kuwa malipo ya kazi. Marekani, kwa mfano, viza ya utalii haikuruhusu kubadilishana kazi na makao, na unaweza kurudishwa uwanja wa ndege.

Njia halali zipo. Ujerumani wana mwaka wa kujitolea kwa ajili ya mazingira, unaitwa FÖJ, kwa vijana ambao hawajatimiza miaka 27. Kwa kawaida ni miezi 12, kuna fedha ndogo ya mfukoni, na baadhi ya nafasi ziko mashambani. Lazima usome Kijerumani na uombe viza yake kabla ya kusafiri. Zile dola 150 zitakufaa zaidi kwenye darasa la lugha.

*Yaya, niko shambani kwa mjomba wangu tangu mwezi wa 7. Alisema nisaidie kidogo, nitakula na kulala. Ninaanza kabla jua halijatoka, ninamaliza giza likiingia, Jumapili pia. Juzi alinipa pampu ya dawa ya wadudu nipulizie bila glavu, jioni nilitapika. Naona haya kuondoka. Ni kaka wa mama yangu.*

Mdogo wangu, pampu hiyo usiishike tena, kuanzia leo. Oga mwili mzima kwa sabuni, fua nguo zile peke yake, na ukitapika tena, ukitokwa jasho bila sababu au macho yakiona ukungu, nenda kituo cha afya na utaje jina la dawa lililoandikwa kwenye chupa. Piga picha chupa hiyo kwa simu.

Kisha mpigie mama yako. Mweleze kama ulivyonieleza mimi, saa kwa saa. Kwetu mtoto wa dada hambishii mjomba, ninajua, lakini dada yake anaweza kuzungumza naye. Amwombe mambo matatu: kazi iishe mchana, Jumapili iwe ya kupumzika, dawa apulize mtu mwenye glavu, buti na barakoa. Mpe wiki moja. Wajomba wengine hawajui wamevuka mpaka hadi waambiwe na mtu wanayemheshimu.

Wiki ikiisha na hakuna kilichobadilika, ondoka asubuhi, mchana kweupe, ukiwa umeaga. Sema asante kwa chakula. Haya hiyo unayoibeba haikuwa yako tangu mwanzo. Kama huna nauli, nijibu leo hii unitajie uko njia gani, na ukifika mjini uniandikie tena nijue umefika.