Ulizeni, Tujibu: Dozi Moja, Dagaa Wenye Ukungu na Maji ya Siku Mbili

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu waliosikia neno "utafiti" redioni, shuleni au kwenye kikundi, wakabaki na swali mkononi. Tumechagua nne. Mbili tumezijibu kwa kirefu kwa sababu kosa dogo ndani yake linaharibu mzigo au afya ya mtoto.

Binti yangu mkubwa alichanjwa shuleni mwaka 2019 chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, sindano mbili. Mdogo wake kachanjwa 2024, sindano moja, wakasema basi. Chanjo zimepungua? Halafu mtaani wanasema inafunga uzazi.
*Mama wa mabinti wawili, Igoma*

Mama, huyo mdogo hajapunjwa. Tena sehemu ya ushahidi uliobadilisha utaratibu huo ilipatikana hapa hapa Mwanza. Utafiti uitwao DoRIS, ulioanza mwaka 2017 na kuendeshwa na MITU, kitengo cha majaribio ya tiba cha Mwanza, kwa kushirikiana na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na chuo cha London School of Hygiene and Tropical Medicine, uliandikisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14. Waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi sita: chanjo aina mbili, na kwa kila aina wengine dozi moja, wengine mbili, wengine tatu. Kisha damu yao ikapimwa kingamwili mara kwa mara.

Matokeo yake yasomwe kwa makini. Waliopata dozi moja walikuwa na kingamwili chache kuliko wa dozi mbili au tatu. Hilo ni kweli na halifichwi. Lakini baada ya miezi 24 karibu wote bado walikuwa nazo, na kiwango chake kilikuwa kimetulia badala ya kuendelea kuporomoka.

Kingamwili pekee hazithibitishi kwamba mtu amekingwa, ndiyo maana utafiti wa pili ulihitajika. Kenya, Kisumu ikiwa moja ya vituo, wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 waligawanywa: makundi mawili dozi moja ya chanjo hii, kila kundi aina yake, na la tatu chanjo ya ugonjwa mwingine kabisa, yaani uti wa mgongo. Baada ya miezi 18, maambukizi sugu ya HPV, virusi vinavyoleta saratani hii, aina ya 16 na 18, ambavyo kwa pamoja husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hizo, yalionekana kwa watu 36 katika kundi la chanjo ya uti wa mgongo, na kwa mtu mmoja mmoja tu katika kila kundi la chanjo halisi. Kinga ya asilimia 97.5 inayotajwa redioni imetoka hapo. Maana yake si kwamba wasichana 97 kati ya 100 wamepona kitu. Ni kwamba maambukizi yaliyotarajiwa yalipungua kwa kiasi hicho. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja, na Tanzania ikahamia huko Aprili 2024.

Kama binti anaishi na VVU, dozi moja haitoshi: apate angalau mbili, na tatu ikiwezekana. Mwambie mchanjaji faragha, si mbele ya darasa.

Kuhusu uzazi: ndani ya chanjo hii mna ganda tupu la protini linalofanana na la kirusi, bila vinasaba ndani yake. Haliwezi kuzaliana wala kuambukiza, na halina dawa yoyote ya kugusa mayai ya mwanamke. Wewe mwenyewe, mama, ukiwa umefika miaka 30, kapimwe mlango wa kizazi. Chanjo haiondoi maambukizi ambayo mtu tayari anayo.

Kikundi chetu kilijengewa kaushio la sola la nailoni, mita 4 kwa 3. Tunapakia kilo 120 za dagaa wabichi kwa mara moja. Nje wanatoka wakavu kabisa, lakini baada ya wiki mbili gunia lina ukungu na wateja wa soko la Mwaloni wanaturudishia. Wenzetu wanaoanika juani kwenye chanja hawana shida hiyo. Si tuliambiwa utafiti unasema kaushio ni bora?
*Katibu wa kikundi, Kayenze*

Kaushio ni bora kwa mzigo unaolingana nalo. Lenu limebebeshwa zaidi ya mara tatu. Tufanye hesabu.

Dagaa mbichi ni maji kwa takriban asilimia 75. Kilo 100 zina nyama kavu kilo 25 tu. Mkitaka unyevu ubaki asilimia 12, mzigo wote utamalizika na kilo 28.4, kwa hiyo lazima mtoe maji kilo 71.6. Kila kilo ya maji inataka nishati ya takriban megajuli 2.4 ili iwe mvuke. Jua la siku nzuri huleta karibu megajuli 18 kwa kila mita ya mraba, na kaushio la kawaida hutumia labda asilimia 30 ya hizo. Zilizobaki hurudi nje kupitia nailoni. Mita zenu 12 za mraba, basi, zinatoa maji kilo 27 kwa siku, sawa na dagaa wabichi kilo 37 au 38. Kilo 120 zingehitaji zaidi ya siku tatu za jua kali bila wingu, na dagaa hawasubiri siku tatu wakiwa wabichi.

Sasa kwa nini nje wakavu na ndani wabichi? Sababu ni mbili na huja pamoja. Ya kwanza ni hewa. Angalieni nailoni kwa ndani saa tano asubuhi: ikiwa na matone, hewa haitembei, na kaushio limegeuka sufuria yenye mfuniko. Hewa ya nyuzi 27 yenye unyevu wa asilimia 70 ikipashwa hadi nyuzi 40, unyevu wake unashuka hadi karibu asilimia 34, na hapo ina kiu ya kunywa maji ya samaki. Ila ikishakunywa lazima itoke. Tobo la kuingilia liwe chini upande wa upepo, la kutokea liwe juu upande wa pili, yote yafungwe wavu wa nzi. Washeni ubani karibu na tobo la chini: moshi ukiingia na kuonekana juu, sawa, ukizunguka hapo hapo, ongezeni tobo la juu kwanza.

Ya pili ni joto la mapema. Saa za mwanzo likipita nyuzi 50, ngozi ya dagaa hukauka na kukaza kabla maji ya katikati hayajatoka. Mkono unamgusa unasema kakauka. Akikaa kwenye gunia maji ya ndani yanasambaa polepole hadi nje, na ukungu unapata makazi.

Mkono hauwezi kuhukumu hili, mizani inaweza. Asubuhi pimeni kilo moja kamili ya dagaa waliochuja maji, muwatandaze kwenye trei ndogo yenye alama, katikati ya mzigo na si pembeni. Jioni pimeni trei hiyo, mtoe uzito wa trei yenyewe. Wakifika gramu 333, unyevu ni asilimia 25 na bakteria wa kuozesha wamekwama. Gramu 294 ni asilimia 15, na chini ya hapo ukungu hauoti. Lengo letu ni 284. Kati ya samaki salama na samaki wa kurudishwa Mwaloni kuna gramu chache tu kwa kila kilo. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha. Ile ya kuning'iniza ya sokoni haifai.

Ushauri wetu ni msiache chanja. Dagaa mbichi anahitaji upepo zaidi ya joto, na upepo wa ziwani ni bure. Watandazeni juu ya wavu ulioinuliwa kama mita moja, safu moja bila kulaliana, mgeuze mara mbili kabla ya saa saba. Wakishapoteza maji ya mwanzo muwahamishie kwenye kaushio, maana maji ya mwisho ndiyo magumu kutoa na ndiyo yanayotaka hewa kavu ya moto. Msimu wa mvua punguzeni kununua, msipunguze siku za kukausha.

Msifunge gunia dagaa wakiwa na joto. Wakipoa ndani ya plastiki wanatoa jasho, na kazi yote inaanza upya.

Watoto wangu wawili hupewa dawa ya kichocho shuleni. Wa miaka 4 haguswi, na anaoga ziwani kila siku. Mkubwa alimeza, mwezi mmoja baadaye akapimwa akakutwa nacho tena. Dawa ni feki?
*Mvuvi, Ukerewe*

Inawezekana kabisa dawa ni halisi. Praziquantel huua minyoo iliyokomaa, lakini minyoo michanga ya wiki chache haifi vizuri. Mtoto aliyeingiwa na vijidudu vya kichocho, yaani minyoo michanga, wiki tatu kabla ya dawa atabaki navyo. Vitakomaa na kutaga. Daktari akiona inafaa, dozi hurudiwa baada ya wiki 4 hadi 6. Kosa jingine liko kwenye kiasi. Dozi ya kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na kidonge kina miligramu 600: mtoto wa kilo 30 anameza viwili, mtu mzima wa kilo 60 vinne. Wengi hutema kwa sababu ya uchungu, au humeza bila kula kisha wakatapika. Ale kwanza ugali au uji mzito.

Ulizia pia alivyopimwa. Kwa kichocho cha tumbo, maabara huchukua kinyesi miligramu 41.7 kupitia tundu la kipimo, huhesabu mayai, kisha huzidisha kwa 24 kupata mayai kwa gramu. Mayai 400 na kuendelea ni maambukizi makali. Akionekana na mayai mawili, yaani 48 kwa gramu, ilhali kabla ya dawa alikuwa na mia tano, dawa imefanya kazi. Kipimo kimoja cha siku moja hukosa maambukizi madogo. Pelekeni vya siku mbili.

Huyo wa miaka 4 si mdogo mno. Tangu mwaka 2022 mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaruhusu kugawa dawa kuanzia miaka miwili. Tatizo lilikuwa kidonge: kikubwa, kichungu, na kikisagwa hovyo mtoto anaweza kupaliwa. Watafiti walitenga nusu ya praziquantel inayoua mnyoo na kuiacha ile nusu inayoongeza uchungu, wakatengeneza kidonge cha miligramu 150 kinachoyeyuka kwenye maji, arpraziquantel. Kilijaribiwa kwa watoto wadogo Kenya na Ivory Coast, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likakiidhinisha. Ulizia kituo chako kama kimefika. Kama bado, mpeleke mtoto apimwe na apewe dozi kwa uzito wake mbele ya mhudumu.

Na kuoga? Vijidudu vya kichocho hukulia ndani ya konokono wa majini, na hutoka jua linapokuwa kali, zaidi kuanzia saa nne hadi saa nane mchana, kwenye maji ya kina kifupi yenye majani. Havidumu zaidi ya siku mbili bila mwili wa kuingia. Kwa hiyo maji yaliyokaa saa 48 yanafaa kuogea. Watu wengi hukosea kwa kuongeza maji mapya kwenye pipa lile lile: saa zinaanza upya. Tumieni mapipa mawili, moja linasubiri wakati jingine linatumika. Chujeni kwa kitambaa kizito wakati wa kujaza, maana konokono mdogo akiingia ataendelea kuzalisha vijidudu humo ndani. Mwenye haraka apashe maji yachemke dakika moja, ayapoze.

Kuna semina ya ujasiriamali wanatoza ada kubwa, wanafundisha vitabu vya hesabu siku tano. Nina duka la rejareja. Niende?
*Kijana wa Buzuruga*

Usilipe kabla hujaona ratiba. Lomé, Togo, wafanyabiashara wadogo 1,500 waligawanywa makundi matatu, moja likiachwa bila mafunzo ili kulinganisha. Waliofundishwa hesabu na masoko kwa njia ya kawaida, faida yao ilipanda asilimia 11, kiasi ambacho hakiwezi kutofautishwa na bahati. Waliofundishwa kujituma, kutafuta bidhaa tofauti na jirani na kupanga mapema vikwazo vitakavyokuja, ilipanda asilimia 30. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Semina ya vitabu vya hesabu peke yake, tungeiruka.

Kuna moja unaweza kuanza leo bila ada. Katika utafiti wa Jamhuri ya Dominika, kanuni fupi rahisi kukumbuka zilisaidia kuliko uhasibu kamili, na mojawapo ilikuwa kutenga fedha za duka na za nyumbani kwenye droo mbili. Jilipe mshahara uleule kila Jumapili kutoka droo ya duka. Katikati ya wiki ukichota hela ya unga, andika kiasi kwenye karatasi uiache humo humo mahali pa noti. Jumapili karatasi zote zinakatwa kwenye mshahara wako.