Levo yako ya kwanza iwe na sanduku moja

Levo ya kwanza niliyoitunga, yaani ghala moja la kuchezea katika Sokoban, gemu la kusukuma masanduku, ilikuwa na masanduku 14. Niliihangaikia usiku tatu mfululizo, nikaituma kwenye grupu letu la WhatsApp la wapenda chemshabongo, nikakaa kusubiri. Wawili walijibu kwamba wameanza, kisha kimya. Baada ya wiki kaka mmoja wa mle ndani akanifuata pembeni, akaniandikia kwa upole: "Dada, lile sanduku la juu kulia umeliweka kwenye kona tangu mwanzo. Halitoki pale." Nikaifungua levo, nikatazama. Kweli, halitoki. Watu walikuwa wamepoteza jioni zao wakipambana na kitu kisichowezekana, na mimi ndiye niliyewapa.

Jambo lile liliniuma, na ndilo lililonifundisha kutunga. Siku hizi mtu akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanze na sanduku moja. Wengi hudhani nawadharau. Sivyo, na nitaonyesha kwa nini.

Kwanza, mchezo wenyewe, Sokoban. Mjapani Hiroyuki Imabayashi aliubuni mwaka 1981, na kampuni yake, Thinking Rabbit, ikautoa mwaka uliofuata. Jina lake maana yake ni mtunza ghala, na ndivyo mchezo ulivyo: mtu yuko ghalani, anatakiwa kusukuma masanduku mpaka yakae juu ya alama zilizo sakafuni. Anasukuma tu, hana namna ya kuvuta. Na anasukuma moja moja. Mawili yakifuatana mbele yake hayaendi. Sheria zimeishia hapo. Mtoto wa miaka sita anazielewa kwa dakika moja, na bado kuna levo ambazo mtu mzima anarudi kwazo mwezi mzima.

Nakushauri uanzie hapa hata kama ndoto yako ni kutungia gemu kubwa zaidi, kwa sababu moja ya wazi: huhitaji kujua programu yoyote. Levo ya Sokoban inaandikwa kwa alama za kawaida za kwenye simu. Alama ya reli ni ukuta. Alama ya @ ni mtu. Dola ni sanduku, nukta ni mahali sanduku linapotakiwa kufika, kistari ni sakafu tupu. Nyota ni sanduku ambalo tayari liko juu ya nukta, na alama ya kujumlisha ni mtu aliyesimama juu ya nukta. Watu wengi huandika sakafu kwa kuacha nafasi wazi, lakini ukituma kwa simu zile nafasi hupotea njiani na ghala lote linapinda. Tumia vistari. Na ukiituma WhatsApp, weka alama tatu za ` kabla ya levo na tatu baada yake, ili kila herufi ichukue upana uleule. Bila hivyo kuta hazitanyooka na mwenzako hataelewa kitu.

Sasa turudi kwenye sanduku moja. Aliyekulia kwenye vitendawili tayari ana nusu ya kazi hii mkononi. "Nyumba yangu haina mlango." Maneno manne, na jibu ni yai. Kina fundo moja tu: unasikia nyumba, akili inakimbilia matofali na bati. Ukikiongezea maneno kumi hakiwi kigumu zaidi, kinarefuka tu, na msikilizaji anachoka kabla hajaanza kufikiri. Levo nayo ni hivyohivyo. Masanduku yangu 14 hayakuwa na fundo hata moja, yalikuwa msongamano.

Tazama hii, niliyoitunga miezi kadhaa baadaye:

```
########
#------#
#.@$---#
########
```

Wazo langu lilikuwa hili: mchezaji yuko kati ya sanduku na nukta, kwa hiyo lazima kwanza alisukume sanduku kwenda mbali na linakotakiwa kwenda, azunguke, ndipo alirudishe. Nilipenda sana hisia hiyo ya kulazimika kumpa mgongo unachokitafuta. Nikampa simu mtoto wa dada yangu, ana miaka 11, tumekaa barazani. Akapanda juu, akaenda kulia mara mbili, akashuka, akasukuma kushoto mara mbili. Hatua sita. "Mama mdogo, tayari." Hakulisukuma sanduku mbali hata mara moja, kwa sababu nilimwachia njia ya juu wazi.

Nikachukua simu, nikaziba vigae vitatu vya sakafu kwa ukuta:

```
########
####---#
#.@$---#
########
```

Nikamrudishia. Akasukuma kulia mara moja, akasimama. Sanduku limeziba mlango, yeye amebanwa nyuma yake. Akarudisha hatua, akasukuma mpaka mwisho, mara tatu. Sasa sanduku limeegemea ukuta wa kulia na hakuna pa kusimama ili ulirudishe. Akarudisha tena. Akanyamaza muda mrefu, kidole kiko hewani. Halafu akasukuma mara mbili kamili, akapanda, akaenda kulia mara mbili, akashuka, akalileta sanduku kushoto mara nne mpaka kwenye nukta. Hatua kumi. Akaniangalia na uso ule ambao mtu huupata anapotegua kitendawili peke yake, bila kuambiwa, na nikajua kwamba hiyo ndiyo levo yangu ya kwanza ya kweli.

Hesabu vigae vya sakafu katika levo ile, pamoja na alipo mtu, sanduku na nukta. Ni tisa, na kila kimoja kinatumika. Ukikiondoa chochote haitatuliki. Ukiongeza kimoja kwa juu upande wa kushoto, fumbo linafunguka bila kufikiri. Ndiyo maana nasema sanduku moja si dharau. Kwenye ghala la vigae tisa unaona kazi ya kila ukuta. Kwenye ghala la vigae mia mbili huoni kitu, unabahatisha tu.

Namna ya kulipata fundo lenyewe ni suala jingine, na hapa kuna mbinu iliyonisaidia kuliko zote: tunga kuanzia mwisho. Weka sanduku juu ya nukta, kama vile mchezo umekwisha, halafu mfikirie mtu anayevuta badala ya kusukuma. Kila anapoweza kulivuta kwa kurudi nyuma, mchezaji wa kweli ataweza kulisukuma kwa kwenda mbele. Kwa levo ile, lianzishe kwenye nukta, livute kulia mara nne, mzungushe mtu kwa juu, kisha alivute kushoto mara mbili. Umefika pale pale levo inapoanzia. Uzuri wa njia hii ni kwamba huwezi kutunga levo isiyotatulika, kwa kuwa umeipitia yote tayari, kinyumenyume. Ningeijua mapema nisingewapa wenzangu lile sanduku la kona.

Mimi hufanya hivyo kwa visoda. Nina daftari la hesabu lenye miraba, nachora kuta kwa kalamu, visoda ni masanduku, punje ya mahindi ni mtu. Anayecheza drafti kijiweni hatashangaa. Simu inakuharakisha, kisoda unakisogeza polepole na unakiona kinapokwama.

Na kuhusu kukwama, jifunze kuutambua mapema, kwa sababu mitego ya Sokoban yote imejengwa juu yake. Sanduku likiingia kona isiyo na nukta, limekufa. Likiegemea ukuta mrefu ambao hauna nukta pembeni mwake wala uwazi, linateleza tu kandokando na halitarudi katikati. Masanduku mawili yakikaa bega kwa bega huku yote yameegemea ukuta, hakuna linalosogea tena, na manne yakijikusanya kuwa mraba ni hivyohivyo. Mtunzi anayezijua hali hizi hazitumii kumkomoa mchezaji. Anaziweka pale ambapo mtu akifikiri kidogo atauona mtego kabla hajaukanyaga. Mimi sipendi levo ambayo unafanya kosa hatua ya tano na unaligundua hatua ya mia moja. Kosa lionekane karibu na pale lilipotendeka, ili mchezaji ajifunze nalo.

Ukishaipata levo yako, mpe mtu acheze mbele yako, na wewe nyamaza. Hili ni gumu kuliko kutunga. Ulimi utakuwasha umwambie "hapana, si huko", au utajikuta unanyoosha kidole. Usifanye. Angalia anaposimama kufikiri, maana hapo ndipo fundo lilipo kwa kweli, hata kama wewe ulidhani liko kwingine. Angalia anaporudisha hatua. Na akipita njia ambayo hukuiona, usikasirike wala usimwambie amekosea. Njia yake ni halali, wewe ndiye uliyeiacha. Ziba, au iache kama ni nzuri kuliko yako. Imenitokea mara mbili kuiacha.

Kama una kompyuta, kuna programu za bure zenye kihariri cha levo, yaani sehemu ya kuzichorea, na kitatuzi ndani yake. Mimi hutumia JSoko, na kwa wenye Windows kuna Sokoban YASC. Unabandika levo yako ya herufi, unabofya, na yenyewe inatafuta jibu. Kwa levo ndogo jibu linakuja papo hapo. Kwa kubwa inaweza kuhangaika mpaka ikashindwa, na hilo lisikushangaze: mwaka 1997 Joseph Culberson alithibitisha kwamba Sokoban ni PSPACE-kamilifu, yaani iko kwenye kundi la maswali ambayo hakuna anayejua njia ya haraka ya kuyatatua yote, hata kwa mashine. Mimi hukitumia kitatuzi kwa kazi mbili tu: kuhakikisha levo inawezekana, na kuona kama kuna njia fupi kuliko yangu. Hakiwezi kukuambia kama levo inapendeza. Hilo ulizia barazani.

Cheza pia za wengine, na uzicheze kwa jicho la mtunzi. Mkusanyo wa Microban wa David W. Skinner, uliotoka mwaka 2000, una levo 155, nyingi zikiwa ndogo na kila moja ikibeba wazo lake. Ukimaliza moja, jiulize: ni ukuta upi ukiuondoa levo inakufa? Mazoezi hayo yalinifunza kuliko maelezo yoyote niliyowahi kusoma.

Baada ya hapo milango ni mingi. PuzzleScript ya Stephen Lavelle, ya mwaka 2013, inafunguka kwenye kivinjari bila malipo, na levo zake pia zinachorwa kwa herufi. Tofauti ni kwamba unaandika na sheria zako mwenyewe. Ukitaka sanduku livutike, unaliandikia sheria hiyo. Baba Is You ya Mfini Arvi Teikari, iliyotoka mwaka 2019, ina kihariri chake, na mle ndani unachosukuma ni maneno yenyewe ya sheria. Ni gemu la kulipia, lakini nalipenda mno. Ila nimeona watu wakikimbilia kuandika sheria mpya kabla hawajamaliza kuzitumia hizi za zamani, na levo zao zinajaa vitu vya ajabu visivyo na fundo. Kaa kwenye sanduku moja mpaka uwe na levo tano ambazo mtu mwingine amezimaliza na akaomba nyingine. Kisha ongeza la pili, na uliweke mahali ambapo la kwanza linahitaji kupita. Likiwekwa pembeni, lisikohusika, umeongeza kazi ya mikono tu.

Hii hapa ni ile levo ya barazani ilipopata sanduku la pili. Ghala limepanuka, mlango ni uleule. Nimeitatua kwa visoda, na yule mtoto wa dada yangu ameitatua kwa njia isiyokuwa yangu:

```
##########
#####----#
#..@$--$-#
#####----#
#####----#
##########
```

Inakili kwenye simu au ichore daftarini. Ukishindwa, nipe mji.