Soksi za kupangusa sakafu: nishone na kitambaa gani?

Swali: Fundi, watoto wangu watatu hawatulii, na vigae vya sebuleni havikai safi hata nusu siku. Nimewaza kuwashonea soksi zenye kitambaa cha kupangusia kwenye nyayo, wakikimbizana wawe wanasafisha. Nitumie kitambaa gani? (Mama wa Majengo, Goma)

Jibu: Mama, wazo hili nimelipenda kweli. Ila tuanze na vumbi lenyewe. Ule mchanga mweusi unaoingia na viatu ni lava ya volkano ya Nyiragongo iliyosagika, mgumu na wenye kingo kali. Ukinaswa chini ya mguu wa mtoto anayeteleza, soksi inageuka msasa, na vigae vya karibu na mlango ndivyo vitakavyopauka kwanza. Kwa hiyo fagio lipite kwanza, ndipo watoto waingie.

Kitambaa ni maikrofaiba. Nyuzi zake za poliesta na poliamidi zimepasuliwa hadi zikawa nyembamba kuliko hariri, na vumbi linanasa katikati ya mipasuko hiyo. Sokoni, kipitishe kwenye kiganja kikavu. Kikikwama kidogo kwenye ngozi, kama kinachong'ang'ania mistari ya vidole, chukua. Kikiteleza tu, kiache. Kitenge kipya hakifai, hakinywi maji vizuri. Taulo kuukuu ni zuri likiwa na unyevu, lakini kavu linasukuma tu vumbi.

Usikishone kwenye soksi yenyewe. Kikate kama kifuniko cha mguu, uzungushie lastiki ukingoni, mtoto akivae juu ya soksi. Hapo unavua na kufua kifuniko peke yake.

Sasa jambo linalonitia wasiwasi zaidi: maikrofaiba kavu juu ya kigae inateleza sana. Kata kipande cha mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli, upana wa vidole viwili, ukishone chini ya kisigino. Mtoto akiegemea nyuma, anasimama. Na wasivae kabisa sakafu ikiwa na maji.

Kufua: kung'uta nje kwanza, usije ukaumaliza bidoni mzima wa maji kwa mchanga. Usichanganye na nguo za pamba, manyoya yake yatajaa kwenye nyuzi. Usitie javeli (dawa ya kung'arisha nguo nyeupe) wala dawa ya kulainisha nguo. Pasi ya makaa isiguse, nyuzi zitayeyuka.

Shona pea moja kwanza, umvalishe mkubwa wao, uone kisigino kinashika namna gani kabla ya kukata nyingine.